Rubani Akizimia Ndege Ikiwa Chini, Nani Atazima Injini?

Ndege ikianguka, nchi nzima huamka. Agosti 7, 2025, ndege ya AMREF iliyotoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko na kuua watu 6, wawili kati yao wakiwa chini, hawakuwa abiria wa mtu yeyote. Hata taarifa ya habari ya saa moja haijafika, kila kijiwe kilikuwa na mchambuzi wake. Ilikuwa hivyo pia Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilipogongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa. Dash 8, iliyokuwa ikienda Diani na watu 44, ilirudi Wilson salama. Ajali kama hizo zina mabaki, zina mashahidi, zina kamera za simu. Lazima tuzizungumze.

Ninayotaka kuizungumzia mimi haina kishindo hicho. Ni ile sehemu ya safari inayoanza injini inapowashwa hadi ndege inapoingia njia ya kurukia, na ile nyingine inayoanza magurudumu yanapogusa lami hadi rafadha, yale mapanga yanayozungushwa na injini, inaposimama kabisa. Rubani akizimia ghafla katika sehemu hizo, tena akiwa peke yake usukani, ndege inabaki mikononi mwa nani?

Anayeijua Wilson anaelewa kwa nini swali hili si la kinadharia. Uwanja umebanwa kati ya Barabara ya Lang'ata na mbuga. Una njia mbili za kurukia, na ndani ya eneo hilo dogo mna shule za urubani, mahanga ya mafundi, kampuni za safari za kitalii, ndege za misaada na za polisi. Asubuhi ya msimu wa watalii, abiria wanatembea kwa miguu hadi kwenye ndege, kila mmoja na begi lake laini la kilo 15, wakiongozwa na kijana mwenye kizibao cha rangi kali. Pembeni lori la mafuta linarudi kinyumenyume. Mwanafunzi wa urubani anazunguka ndege yake akikagua mafuta. Fundi amejikunja chini ya bawa. Na katikati ya hao wote ndege zinatambaa, rafadha zikizunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Rafadha ikishapata kasi haionekani. Unachokiona ni kivuli chepesi, na jua likiwa usoni hukioni hata hicho.

Sasa mweke rubani mmoja katika ndege mojawapo ya hizo, moyo wake usimame.

Watu wengi hudhani ndege ikiwa chini hatari imepungua, kwa sababu haiwezi kuanguka. Lakini fikiria kinachotokea mwilini na kwenye vyombo. Ndege ndogo haiongozwi chini kwa usukani ule unaoshikwa kwa mikono. Inaongozwa kwa miguu: pedali mbili za usukani wa mkia, na breki ziko sehemu ya juu ya pedali hizohizo, unazikanyaga kwa ncha za vidole vya miguu. Mtu aliyezimia anaweza kunyoosha mguu mmoja na kuusukuma, ndege ikakata kona upande huo. Mwili ukiinamia mbele unaweza kukandamiza kile kifundo cheusi cha kuongeza nguvu za injini. Na abiria aliyekaa kiti cha pembeni, ambaye pengine anaendesha gari kila siku, atafanya anachokijua: atashika usukani na kuuzungusha kwa nguvu zote. Hakuna kitakachobadilika. Usukani ule chini ya kasi ya kuruka haugeuzi magurudumu.

Kitu ambacho kingemsaidia kiko hatua moja kutoka kwenye goti lake. Katika Cessna 172 ni kifundo chekundu katikati ya dashibodi, kando ya kile cheusi. Ukikivuta hadi mwisho, injini inanyimwa mafuta na ndani ya sekunde chache inakufa. Katika ndege nyingi za aina ya Piper PA-28 ni wenzo mwekundu, na kuna pia breki ya mkono chini ya dashibodi. Katika Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watalii wengi kwenda Mara na Samburu, ni wenzo wa mafuta unaorudishwa nyuma kabisa. Haihitaji nguvu wala leseni. Inahitaji tu kwamba mtu alikuonyesha mapema.

Dereva wa matatu akizimia Thika Road, konda angalau anajua breki ya mkono iko wapi. Abiria wa kiti cha mbele cha ndege ndogo haambiwi hata hilo. Anaambiwa jinsi ya kufunga mkanda na mlango unafunguka vipi, halafu anaombwa asiguse kitu chochote.

Kisa kilichonifanya nilitazame jambo hili kwa makini kilitokea Blackpool, Uingereza, Juni 2022. Rubani mwenye leseni alimwomba mkufunzi anayemfahamu vizuri aketi naye kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Ndege ilikuwa Piper PA-28. Walipokuwa wakitambaa kwenda kuruka walizungumza kawaida. Mara tu baada ya kuruka, kichwa cha mkufunzi kililala nyuma. Rubani akadhani jamaa anamfanyia mzaha, anajifanya amelala usingizi huku mwenzake akihangaika na upepo. Akaendelea na mzunguko wake. Ndege ilipokata kona kurudi uwanjani, mkufunzi alimwegemea, kichwa kikatua begani kwake. Bado akadhani ni utani. Alitua salama, na hapo ndipo alipogundua kwamba mwenzake haamki. Wachunguzi walihitimisha kwamba huenda moyo wa mkufunzi ulisimama ndege ilipokuwa ikiruka. Alikuwa na umri wa miaka 57 na cheti chake cha afya kilikuwa halali.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, kuzimia kwa rubani si lazima kuje na kelele. Hakuna aliyeshika kifua wala kupiga yowe. Mashirika makubwa yanalijua hili, ndiyo maana yana kanuni kwamba rubani asipojibu inavyotakiwa mara mbili mfululizo, mwenzake achukulie kuwa hajiwezi na ashike ndege, maswali baadaye. Rubani wa Blackpool hakuwa mzembe. Hakuwa tu na kanuni ya kumruhusu kukatiza utani.

La pili ni muda. Dakika chache tu kabla, wawili hao walikuwa wanatambaa uwanjani. Moyo ule ungesimama mapema kidogo, tena kwa mtu aliyeketi peke yake, hadithi ingekuwa ya ndege isiyo na mwenyewe katikati ya watu. Na mwanafunzi aliye katika saa tano zake za kwanza za kurusha ndege angekuwa pale badala ya rubani mwenye leseni, sijui tungesema nini leo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia cheti cha afya. Mbona wasipimwe? Wanapimwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambavyo Kenya kama mwanachama inavifuata kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, vinamtaka rubani wa biashara apimwe kila miezi 12. Akivuka miaka 40 na anarusha abiria akiwa rubani pekee, inakuwa kila miezi 6. Rubani wa kujiburudisha anapewa muda mrefu zaidi: miezi 60 akiwa chini ya miaka 40, kisha 24, kisha 12 akivuka 50. Kuna kipimo cha umeme wa moyo, na baada ya miaka 50 rubani wa biashara anakifanya kila mwaka.

Lakini kipimo hicho hunasa mapigo ya sekunde chache, mtu akiwa amelala kitandani, ametulia. Mshipa wa moyo ulioanza kuziba unaweza usionyeshe chochote siku hiyo. Madaktari wa anga wenyewe hawadai kuondoa hatari, wanaipima. Kwa miaka mingi wametumia kipimo cha asilimia 1: rubani anaweza kuruhusiwa kuendelea ikiwa uwezekano wa kushindwa ghafla hauzidi asilimia 1 kwa mwaka. Kipimo hicho kilibuniwa kwa ndege zenye marubani wawili, ambapo mmoja akianguka mwingine yupo. Hesabu yote imesimama juu ya mtu wa pili. Ondoa mtu wa pili, ukabaki na ndege ya injini moja na roho moja usukani, na hesabu hiyo haina nguzo.

Kuna jambo gumu zaidi, na hili si la daktari. Rubani anapoingia kwa daktari wa ndege anaingia na mshahara wake; anaweza kutoka bila. Masomo ya urubani hapa Nairobi yanagharimu mamilioni ya shilingi. Kuna familia zimeuza shamba, zimefanya harambee, zimechukua mkopo wa sako kwa jina la mjomba. Kijana huyo akianza kusikia moyo unaruka mapigo, unadhani atakwenda wapi kwanza? Atakwenda duka la dawa la mtaani, amwambie muuzaji ana presha kidogo. Akiwa na mafua atanunua Piriton, ambayo huleta usingizi na haifai kabisa kwa mtu anayekwenda kuruka, aimeze na chai. Kwenye fomu ya daktari, pale panapouliza kama anatumia dawa yoyote, ataandika hapana. Simlaumu kirahisi hivyo. Mfumo unaomwadhibu msema kweli kwa kumnyang'anya riziki, bila njia ya kumrudisha kazini baada ya matibabu iliyo wazi na ya haraka, unafundisha kila mtu kunyamaza. Presha iliyotibiwa vizuri, kwa kweli, mara nyingi haimfukuzi rubani angani. Lakini wangapi wameambiwa hivyo na mtu wanayemwamini?

Tusidhani pia kwamba kila kuzimia ni moyo. Sababu ya kawaida zaidi ya rubani kushindwa kazi ni ya aibu kidogo: tumbo. Chakula kilichoharibika, kuhara, kutapika, maumivu ya kukunja. Ndiyo sababu mashirika mengi huwapa marubani wawili wa ndege moja vyakula tofauti. Rubani wa ndege ndogo aliyekula mutura saa tatu usiku hana wa kumgawia hatari hiyo. (Sina ugomvi na mutura. Nina ugomvi na mutura kabla ya safari ya alfajiri kwenda Lodwar.)

Na kuna hewa. Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ukianza kupanda kutoka hapo ukielekea Aberdare, hewa nyembamba, yenye oksijeni kidogo, haiko mbali. Ongeza baridi ya Julai. Ndege ndogo nyingi za injini ya pistoni hupata joto la kabini kwa kupitisha hewa kandokando ya bomba la moshi. Bomba likipata ufa, kaboni monoksidi inaingia kabini, na sumu hiyo haina rangi wala harufu. Rubani haanguki ghafla. Anakuwa mzito, kichwa kinauma, anaanza kukosea mambo madogo. Katika ajali ya Januari 21, 2019 iliyomuua mwanakandanda Emiliano Sala juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, damu yake ilikutwa na kaboni monoksidi ya asilimia 58, na wachunguzi waliona kuwa rubani naye huenda aliathirika. Kifaa kinacholia sumu hiyo ikizidi ni kidogo, unakiweka mfukoni. Rubani anayewasha hita akiwa bado kwenye maegesho, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, anaweza kuanza kupumua sumu hiyo kabla hajaondoka.

Turudi kwa mtu wa pili, kwa sababu yeye ndiye hoja yangu. Mei 10, 2022, rubani wa Caravan iliyotoka Bahamas alishikwa na ugonjwa wa ghafla, mshipa mkubwa wa damu ulichanika, akapoteza fahamu pwani ya Florida. Abiria, Darren Harrison, hakuwa rubani. Ndege ilikuwa inaelekea chini alipoinyanyua. Mwongoza ndege Robert Morgan, ambaye pia alikuwa mkufunzi wa urubani lakini hakuwahi kurusha Caravan, alitafuta picha ya dashibodi yake na kumwongoza kwa redio hadi Palm Beach. Rubani alipona. Dunia ilishangilia kutua kule, na ni haki. Mimi nilibaki na kitu kingine alichokisimulia Morgan: ghafla alisikia redioni Harrison akisema yuko chini, anauliza anazima vipi mtambo huu. Mtu ameweza kuteremsha ndege kutoka angani, halafu hajui kuizima. Hilo ndilo pengo lenyewe, na lina urefu wa wenzo mmoja.

Chama cha marubani na wamiliki wa ndege cha Marekani, AOPA, kimekuwa na kozi ya abiria wa kiti cha mbele tangu miaka ya 1960. Si kozi ya kumfanya mtu rubani. Sisi hatuhitaji hata yote hayo kuanzia. Tunahitaji dakika kumi ndani ya ndege iliyoegeshwa, injini imezimwa. Mwite rubani kwa sauti mara mbili. Asipojibu wala kusogea, mvute nyuma asiegemee vyombo na uufunge mkanda wake wa bega umshike. Mkiwa chini, vuta chekundu, kanyaga juu ya pedali. Mkiwa angani usiguse chekundu. Shika ndege iwe sawa, bonyeza kitufe cha redio kwenye usukani, useme. Ni hayo tu, na tofauti kati ya chini na angani isisitizwe hadi iingie.

Upande wa nje nao una kazi. Vijana wanaoelekeza ndege kwenye maegesho wanajua ishara ya kuzima injini, kiganja kinachopita shingoni. Lakini ishara haina maana kwa rubani ambaye macho yake hayaoni. Wakiona ndege inakuja na rubani ameinama, kishawishi ni kukimbilia mlangoni, na mlango wa ndege nyingi ndogo uko hatua chache kutoka kwenye rafadha. Kinachotakiwa ni kuwaondoa watu njiani, kuwaita waongoza ndege wa mnarani na wazima moto, na kumfikia rubani kutokea nyuma ya bawa baada ya ndege kusimama. Hata injini ikiwa imezimwa, rafadha ya injini ya pistoni isiguswe. Magneto, kifaa cha kuwashia mafuta ndani ya injini, inatengeneza cheche zake yenyewe bila betri. Waya wake wa kuzimia ukiwa umekatika, kuisogeza rafadha kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Mafundi wanalijua hili. Wapakia mizigo wengi hawajaambiwa.

Kwa nini halizungumzwi? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Kiambatisho cha 13 cha ICAO huhesabu ajali ya ndege kuanzia mtu anapopanda kwa nia ya kusafiri hadi wote waliopanda hivyo wanaposhuka. Fundi anayejaribu injini nje ya hanga bila nia ya kuruka, akijeruhiwa, anaangukia nje ya mpaka huo. Tukio lake linakuwa la Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kama la mtu wa kiwandani. Kwa hiyo matukio mawili yaliyotokea kwenye lami ileile, kwa rafadha zinazofanana, yanaweza kuandikwa kwenye mafaili mawili yasiyokutana. Idara ya uchunguzi wa ajali za ndege ikitafuta mwelekeo wa hatari za chini, inaona nusu ya picha.

Najua pingamizi. Mwenye kampuni ya safari atasema ukimwambia mtalii rubani anaweza kuzimia, mtalii atakwenda kwa barabara. Mbona tunamwonyesha jaketi la kuokolea akipanda ndege ya kwenda Lamu, na bado anapanda? Mwingine atasema haya hutokea mara chache mno. Ni kweli ni mara chache, na dakika kumi nazo ni chache. Pingamizi lenye uzito ni lile la mwoga atakayevuta chekundu ndege ikiwa futi mia tatu juu ya Nairobi West kwa sababu rubani amepiga chafya. Ndiyo maana nasema somo litolewe kwa vitendo, kwa mtu wa kiti cha mbele tu, na rubani aamue mwenyewe nani anafaa kukaa hapo. Asiyetaka kujifunza akae nyuma.

Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki ipo tangu 1927, na makao yake yako papo hapo Wilson. Shule za urubani ziko mlango kwa mlango. Somo la kiti cha mbele linaweza kuanza Jumamosi ijayo bila kanuni mpya hata moja. Ila suala la rubani anayeficha presha haliwezi kumalizwa na klabu. Hilo ni la KCAA, waajiri na madaktari kukaa meza moja na kuandika, wazi, ni maradhi gani yanatibika huku leseni ikibaki, kwa muda gani, na nani analipa mshahara wakati mtu anasubiri kupimwa tena. Hapo kwenye mshahara ndipo mazungumzo yatakapokwama, na hapo ndipo wanapopaswa kuanzia.